Sauti Kongwe Safarini: Bi Kidude, Maryam Mursal na Pwani ya Kismayu

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki vitabu: riwaya, tamthilia na diwani zinazosomwa shuleni. Safari hii tumeona yafaa tuhakiki jambo lisilo na jalada wala kurasa, nalo ni ziara ya mwimbaji mkongwe. Mwimbaji aliyepitisha ujana wake katika uimbaji, akazeeka pamoja na nyimbo zake, kisha akafunga safari ya mji hadi mji na nchi hadi nchi ili watu wamsikie, huyo anayo kazi ya sanaa inayostahili kupimwa kama tunavyopima kitabu. Ana fani yake na maudhui yake. Ana hadhira inayomwelewa na hadhira isiyomwelewa. Na mwisho wa safari pana swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza: baada ya taa kuzimwa na vyombo kufungashwa, kimebaki nini, na kimebaki kwa nani?

Swali hili twaliuliza tukiwa tumeielekea pwani ya kaskazini ya Waswahili, yaani Kismayu na visiwa vya Wabajuni. Tumeichagua pwani hiyo kwa makusudi, kwani huko sauti kongwe zimekuwapo siku zote, lakini kwa miaka mingi ziara za muziki hazikuweza kufika. Ili kuliweka jambo hili wazi tutawatazama wasanii wawili ambao sauti zao zilikwenda mbali: Fatuma binti Baraka wa Unguja, maarufu kwa jina la Bi Kidude, na Maryam Mursal wa Somalia. Wa kwanza aliimba kwa Kiswahili, wa pili kwa Kisomali, na Mbajuni wa Kismayu aghalabu huzisikia lugha zote mbili. Wote wawili walivuma ughaibuni katika miaka ambayo Kismayu haikuwa na amani ya kumkaribisha mwimbaji.

Tuanzie mbali kidogo ili tupate kipimo. Katika nchi za Magharibi ziara ya mwanamuziki mkongwe wa roki imekuwa desturi kubwa na biashara kubwa. Kundi la Rolling Stones la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1962, lilikuwa bado likizunguka mwaka 2024, na mwimbaji wake Mick Jagger alitimiza umri wa miaka 81 mwezi Julai mwaka huo. Elton John alianza ziara yake ya kuaga mwezi Septemba 2018, akaimaliza Stockholm mwezi Julai 2023, akiwa na miaka 76. Hadhira ya ziara kama hizo hutaka nini? Aghalabu hutaka wimbo uleule kama ulivyotoka katika sahani miaka hamsini iliyopita, kwa mpigo uleule na maneno yaleyale. Msikilizaji amenunua tiketi ili akutane na ujana wake mwenyewe. Hatulidharau jambo hilo. Mzee wa miaka themanini anayesimama saa mbili mbele ya watu maelfu na kuimba bila kuchoka anayo nidhamu ambayo vijana wetu wangefaidika kuiiga. Lakini tukumbuke kwamba katika muziki huo wimbo hukamilika studioni, na ziara ni marejeo yake. Katika taarabu na ngoma za pwani yetu wimbo hukamilika kila usiku upya, mbele ya watu waliopo, kwa ajili ya watu waliopo. Basi kipimo cha huko hakiwezi kuhamishiwa huku bila kurekebishwa.

Sasa tumtazame Bi Kidude. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa. Yaaminiwa kuwa alizaliwa katika miaka ya 1910 huko Unguja, na baba yake alikuwa mchuuzi wa nazi. Alipata uimbaji kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za kwanza za taarabu ya Kiswahili, na ambaye maisha yake Shaaban Robert aliyaandika katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu wanachokijua walimu wengi wa lugha. Inasimuliwa kwamba Bi Kidude alizikimbia ndoa asizozitaka, akazunguka miji ya pwani na bara kwa miguu bila viatu, akiimba. Kwa hiyo ziara yake ya kwanza haikuwa na mwandalizi wala tangazo. Ilikuwa safari ya mwanamke aliyetafuta uhuru wake. Ziara zinazojulikana zaidi ni zile za uzeeni, zilizomfikisha Ulaya, Mashariki ya Kati na Japani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, miongoni mwa heshima kubwa katika muziki wa dunia. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Kuhusu fani, la kwanza la kusema ni kwamba sauti yake haikuwa laini. Ilikuwa nzito, kavu, yenye mikwaruzo. Fidla, kanuni na udi vikitangulia kwa utulivu, yeye huingia kama mtu anayefungua mlango bila kubisha hodi. Hakuyapamba maneno kwa madoido mengi. Aliyatupa mbele ya msikilizaji yakiwa mazima, kisha akayaacha yafanye kazi yake. Mwanafunzi wa ushairi atatambua kuwa uimbaji wa namna hii huuheshimu mshororo. Vina husikika, na kituo cha kati hakipotei. Waimbaji wengi wenye sauti nzuri kumshinda huyameza maneno kwa ajili ya kuupendezesha wimbo. Bi Kidude hakuwa na pupa hiyo, na pengine hii ndiyo sababu nyimbo alizozirithi kwa Siti ziliendelea kusikika midomoni mwake kama habari ya jana.

La pili ni kwamba mengi yaliyoandikwa juu yake ughaibuni hayakuligusa jambo hilo. Yalizungumzia umri wake, sigara yake, miguu yake mitupu na ngoma aliyojifunga kiunoni. Hayo yote ni kweli, na yanavutia, lakini uzee si sanaa. Mtu anaweza kuishi miaka mia asiwe na wimbo hata mmoja wa kuuacha. Mhakiki anayemsifu mwimbaji kwa kuwa ameishi sana amekiri bila kujua kwamba hakumsikia. Na kwa nini hakumsikia? Kwa sababu hakuwa na lugha.

Tuchukue mfano wa wimbo mmoja maarufu wa Siti ambao Bi Kidude aliuimba hadi uzeeni, nao ni Kijiti. Wimbo huo unatokana na kisa cha kweli cha Unguja ya zamani za ukoloni: mwanamke mgeni aliyeuawa, mtuhumiwa aliyetorokea bara, na mahakama iliyowageukia mashahidi badala ya kumfuata mwuaji. Huu ni wimbo wa maombolezo na tena ni mashtaka dhidi ya hukumu. Kwa mwalimu wa fasihi ni mfano bora wa namna wimbo unavyoweza kuitunza kesi ambayo majalada ya serikali yameifunga. Lakini mpigo wake unachezeka. Msikilizaji asiyejua Kiswahili, akiwa katika ukumbi mzuri wa Ulaya, anaweza kutikisa mabega kwa furaha kuanzia mwanzo hadi mwisho, asijue kwamba anacheza juu ya kaburi la mwanamke aliyedhulumiwa. Hatumlaumu msikilizaji huyo, hakuambiwa. Twauliza tu: je, wimbo umefika? Sauti imefika, mpigo umefika, mwimbaji mwenyewe amefika. Maudhui yamebaki bandarini.

Hapa yafaa tukumbushe desturi moja ya taarabu ambayo wageni huiona kama mchezo tu, nayo ni kutunza. Mwimbaji akifika kwenye beti inayomgusa mtu, mtu huyo huinuka, huenda hadi jukwaani kwa maringo, huku noti ikionekana mkononi, akamtunza. Kila aliyepo ataelewa: beti ile imemhusu, au ameitupa kwa mwenzake aliyeketi kule. Twathubutu kusema kwamba mtunzaji ndiye mhakiki wa kwanza wa taarabu. Anaonyesha kwa kitendo ni neno lipi limepenya na ni lini limepenya. Ukumbi wa ughaibuni hupiga makofi wimbo unapokwisha. Hadhira ya pwani huinuka katikati ya wimbo, neno linapotua. Tofauti hii ndogo ndiyo tofauti kati ya kusikia na kuelewa. Ziara iwayo yote ya msanii wetu ingepimwa kwa swali hili: ni mahali pangapi alipokuta mtu wa kuinuka kwenye beti?

Pana walioshutumu vilevile kwamba Bi Kidude aliitoa ngoma ya unyago ndani na kuiweka jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Shutuma hii haifai kupuuzwa. Unyago ni shule ya wanawali, na mafunzo yake yana mipaka ya nani aambiwe na lini. Hata hivyo twaona ipo haja ya kutenganisha mambo mawili. Ngoma na mdundo wake ni jambo moja. Mafunzo yanayotolewa faraghani na kungwi ni jambo jingine. Aliyeketi ukumbini London au Tokyo aliusikia mdundo, lakini hakufundwa. Bi Kidude, ambaye mwenyewe aliwafunda wanawali wengi, alijua mpaka ulipo kuliko waliomshutumu. Hatari iko kwingine: watoto wetu wanapoijua ngoma hiyo kwa njia ya jukwaa peke yake, wakadhani kwamba hayo waliyoyaona ndiyo unyago wote.

Kwa upande wa Somalia, mfano wetu ni Maryam Mursal. Alianza kuimba Mogadishu katika miaka ya 1960 akiwa kijana, akawa miongoni mwa sauti kubwa za Waaberi, kundi la taifa la nyimbo na maigizo. Aliimba wimbo uliowakera wakubwa wa serikali ya Siad Barre, akanyimwa jukwaa, akawa anaendesha teksi ili apate riziki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozidi, aliondoka na watoto wake watano, wakasafiri kwa taabu miezi saba, wakipita Kenya na Ethiopia hadi Jibuti, na hatimaye akapata hifadhi Denmark. Ni huko ambako sauti yake iligunduliwa upya. Mwaka 1997 ilitoka albamu ya New Dawn aliyoiimba na Waaberi, na mwaka 1998 albamu yake The Journey, zote zikitolewa na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, ambaye naye ni mkongwe wa roki. Kutoka hapo alianza kuzunguka majukwaa ya dunia.

Albamu hizi mbili ni somo zuri la uhakiki, kwa sababu sauti ni ileile lakini mavazi yake ni mbalimbali. Katika New Dawn sauti imeachwa na udi, ngoma na wenzake wanaoitikia. Msikilizaji wa Kismayu akiisikia atajiona yupo barazani. Katika The Journey sauti imevikwa magitaa ya umeme na midundo ya mashine, ili msikilizaji wa roki asione ugeni. Wapo watakaosema kwamba albamu ya pili imeharibu. Sisi hatusemi hivyo. Sauti ya Maryam Mursal ina nguvu ya kutosha kuuvunja ukuta wa magitaa na kutokea upande wa pili, na pahala pengine ugomvi huo wa sauti na vyombo wafaa hasa kwa wimbo wa mtu aliyetembea jangwani na watoto. Hata hivyo twaipendelea ya kwanza. Katika New Dawn vyombo vinamngojea mwimbaji. Katika The Journey mara nyingi mwimbaji ndiye anayengojea vyombo. Na mwimbaji anayengojea vyombo hawezi kurefusha neno pale hadhira inapolihitaji. Kwa hilo, wimbo wake umekuwa kama ule wa roki tuliouzungumzia: umekamilika studioni.

Sasa tufike Kismayu. Mji huu, ambao jina lake wenyeji hulieleza kuwa ni kisima kilicho juu, kwa lugha ya kaskazini kisima iu, ndio mlango wa visiwa vya Wabajuni. Visiwa hivyo vimepangana kuelekea kusini kama ushanga hadi karibu na Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Vinavyojulikana sana kwa makazi ya watu ni Koyama, Chovai na Chula. Ng'ambo ya mpaka Wabajuni wengine wapo Kiwayuu, Ndau, Faza na Kizingitini. Ni wavuvi, mabaharia na waunda vyombo. Mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila misumari, ulikuwa sifa ya mikono yao. Lakini walikuwa wakulima pia, wakivuka kwenda bara mkabala na visiwa kufyeka msitu na kupanda.

Katika kilimo hicho ndimo ilimozaliwa vave. Wasomaji wasioijua na waelewe kwamba vave ni nyimbo ziimbwazo usiku wa kuamkia siku ya kuutia moto msitu uliokwisha kufyekwa. Kiongozi hutoa, wenziwe huitikia, na usiku kucha hutajwa miti, wanyama, kazi na hofu za mkulima, na dua ya kuomba moto ule uunguze vyema wala usilete madhara. Huu ni muziki usiotaka jukwaa, kwani jukwaa lake ni shamba. Hautaki tiketi, kwani kila aliyepo ana kazi ya kufanya kesho. Mkongwe wa vave hakuwa mtu wa kuzunguka miji. Watu ndio waliomwendea.

Tabu ni kwamba wimbo uliofungamana na kazi hufa kazi inapokufa. Kwa upande wa Kenya, mashambulizi ya wakati wa vita vya shifta katika miaka ya 1960 yaliwafukuza Wabajuni wengi kutoka mashamba yao ya bara. Kwa upande wa Somalia, dola ilipoanguka mwaka 1991, watu wa visiwani na wa Kismayu waliporwa na kuuawa, na wengi walipanda mashua kukimbilia Kenya. Walikaa kambini Mombasa. Baadhi walirejea visiwani katika miaka ya mwisho ya 1990, wengine wakasambaa hadi Uingereza na kwingineko. Mji wenyewe ulipita mkono hadi mkono. Tangu mwaka 2008 hadi 2012 ulikuwa chini ya Al-Shabaab, ambao waliupiga muziki marufuku. Wasomaji waiweke miaka hii pamoja na ile ya Bi Kidude. Katika kipindi ambacho ajuza wa Unguja alikuwa akishangiliwa katika kumbi za nchi za mbali, mtu wa Kismayu aliyethubutu kuimba arusini alikuwa akihatarisha maisha yake. Umbali kati ya Unguja na Kismayu kwa bahari ni mdogo mno kuliko ule wa kutoka Unguja hadi Japani. Mabaharia wa kale waliukata kwa pepo za kusi. Wimbo haukuweza kuukata.

Ilitokea basi ziara ya namna nyingine, ziara isiyo na tiketi ya kurudi. Wazee waliozijua nyimbo walizichukua vifuani mwao hadi kwenye mahema, na baadaye hadi kwenye ghorofa za miji ya baridi ambako hakuna msitu wa kuchomwa. Na huko Kibajuni chao kikageuka kuwa jambo la sheria. Nchini Uingereza, maofisa wa uhamiaji na mahakama wamekuwa wakiwapima waombao hifadhi kwa lugha yao: mtu huyu asemaye kuwa ametoka visiwani, je, anajua Kibajuni? Kijana aliyelelewa ukimbizini Mombasa, akazoea Kiswahili cha Mombasa, hutiliwa shaka kwamba si mtu wa asili anayodai. Tunapowaambia wanafunzi kwamba lahaja ni hazina, mara nyingi hulisema hilo kama maneno ya heshima tu. Kwa mkimbizi wa Kibajuni lahaja imekuwa na thamani ya hati ya kusafiria. Nyimbo ambazo kijana hakuzisikia kwa babu yake zingemfundisha maneno yaleyale anayoulizwa na hakimu.

Hapo ndipo kazi yetu sisi walimu inapoanza, na ndipo hoja ya makala haya ilipo. Yawezekana msomaji akatushauri hivi: basi vave nayo itafutiwe jukwaa, wazee waalikwe kwenye matamasha, wazungushwe kama alivyozungushwa Bi Kidude. Hatulipingi jambo hilo. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, limekwisha kuonyesha kwamba msanii wa Afrika Mashariki anaweza kusikilizwa kwa heshima na watu wa nyumbani na wageni pamoja. Tunachosema ni kwamba jukwaa peke yake halitoshi, na mifano yetu miwili imethibitisha. Bi Kidude alilipata jukwaa, lakini sehemu kubwa ya hadhira ilimpokea bila maneno yake. Maryam Mursal alilipata jukwaa, lakini wimbo wake ilibidi uvae nguo za wenyeji wake. Vave ikipanda jukwaani bila watu wa kuielewa itakuwa kelele nzuri za dakika kumi, na kesho yake mwandishi mmoja ataandika juu ya umri wa waimbaji.

Tena ipo hatari ya karibu zaidi, itokayo kwetu wenyewe. Sisi tuliofunzwa Kiswahili sanifu tuna mazoea ya kusahihisha. Katika Kibajuni, panapo t ya Unguja mara nyingi husikika ch, kama tatu isemwavyo chachu, na njoo husemwa ndoo. Mwanafunzi asiyeandaliwa, akisikia mzee wa Chula akimwita mtu aende, atadhani anaulizia chombo cha maji. Akisikia hesabu, atadhani kuna unga unaumuliwa. Atacheka, na mwalimu asipokuwa mwangalifu atacheka naye. Yule anayenakili wimbo naye atashawishika kuyanyoosha maneno ili yasomeke vizuri. Akifanya hivyo amevunja vina, ameharibu mizani, na amelifuta lile lililoufanya wimbo uwe wa Koyama usiwe wa kwingineko. Kiswahili sanifu kina kazi yake, nayo ni kubwa, wala hatumo miongoni mwa wanaokibeza. Lakini usanifu ni mkeka wa kukalia pamoja. Haukukusudiwa kuwafunika wengine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wa mwalimu wa kawaida. La kwanza, tunapofundisha fasihi simulizi, tusiridhike na kuitaja vave katika orodha ya nyimbo za kazi. Tueleze inaimbwa lini, na nani, na kwa nini. Mwanafunzi aelewe kwamba nyuma ya jina hilo pana msitu, moto na watu walionyang'anywa mashamba. La pili, pale ambapo wapo wazee wa Kibajuni, na siku hizi wapo Mombasa, Lamu, Kismayu na hata Ulaya, wanafunzi wawaendee kwa adabu, wawaombe ruhusa, wayanakili maneno kama yanavyotamkwa, na maelezo kwa Kiswahili sanifu yawekwe pembeni. Nakala moja abaki nayo mzee na jamaa zake, kwani ni mali yao. La tatu, tunapousikiliza muziki wa wakongwe wetu darasani, Bi Kidude au mwingine, tuanze na maneno. Wanafunzi waulizwe: kama ungekuwapo usiku ule, ungeinuka kwenye beti ipi kwenda kutunza, na kwa sababu gani? Swali hilo moja litawafunza uhakiki kuliko kurasa nyingi za istilahi.

Tukirudi kwenye hukumu yetu, twasema hivi. Ziara za Bi Kidude zilikuwa ushindi mkubwa wa mwimbaji, na ushindi wa nusu wa wimbo. Zile za Maryam Mursal zimethibitisha kuwa sauti yaweza kuokoka vita, hata kama haikurudi na kila ilichoondoka nacho. Ama wakongwe wa vave, hao hawajashindwa wala hawajashinda, kwa sababu hawajasikilizwa. Wengi wao wamekwisha kufariki, na waliosalia hawatangoja mialiko ya matamasha. Mwalimu aliye jirani yao ana muda mchache kuliko anavyodhani, na anachohitaji ni daftari, kalamu, na subira ya kukaa kitako hadi usiku uishe.